Maji ya Aliyeshindwa

Binti yangu wa mwisho, Cécilia, alitoa kopo la maziwa chini ya kitanda changu akamwaga mkekani watu wa mbao walio ndani yake. Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nilisikia mlio wao, nikaacha mwiko ndani ya sufuria nikakimbia. Alikuwa amewapanga, wadogo mbele, wakubwa nyuma, bila kufundishwa na mtu.

"Mama," akaniuliza, "na wale wanaopigana nao wako wapi?"

Niliwaangalia mmoja mmoja, nikaona wote wapo, nikawarudisha ndani ya kopo. Nikarudi jikoni. Ugali ulikuwa unaungua.

Watu hao walichongwa na babu yangu Emile, baba wa mama yangu, hapa hapa Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Wazee wa Kiislamu wa mjini waliuita mchezo wa watu hao sataranji. Babu aliuita mchezo wa daktari, kwa sababu aliupata kwa daktari.

Ujanani mwake babu alikuwa mpagazi, kisha mpishi, wa mzungu mmoja aliyezunguka vijiji akipima watu ugonjwa wa usingizi. Jioni daktari huyo alicheza na msaidizi wake. Msaidizi aliporudi Ulaya, daktari akakosa mtu. Kwa muda alicheza peke yake, akiizunguka meza, mara anakaa upande huu, mara upande ule, na babu, aliyesimama akingoja kuondoa sahani, alimwonea huruma. Siku moja daktari akamwambia akae. Babu hakujua kama kukaa kwenye kiti cha mzungu ni heshima au ni mtego, kwa hiyo alikaa nusu ya kiti. Walicheza hivyo mpaka safari zao zikaisha, na babu hakumshinda hata mara moja. Alitueleza jambo hilo bila haya, kama mtu anayesema kwamba mvua ilinyesha.

Majina aliyafundishwa kwa Kifaransa, yeye akayageuza. Wale wadogo wa mbele aliwaita wapagazi, maana ndio wanaotangulia, ndio wanaokufa kwanza, na hawaruhusiwi kurudi nyuma. Yule anayekwenda upande upande Wafaransa humwita mwenda wazimu, basi kwetu alikuwa kichaa. Mnara ukawa nyumba. Farasi hakuna aliyekuwa amemwona, babu akachonga mbuzi. Na malkia alikuwa bibi tu, kama bibi wa mtu yeyote.

Daktari alipokwenda kwao alifunga sanduku lake la mchezo akaondoka nalo. Babu alirudi Kasongo na mke, Léontine, aliyempata Kabambare katika safari zile. Nyanya Léontine alikuwa mfinyanzi. Babu alichonga jeshi la kwanza kwa mti mweupe laini, akachora miraba kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku la sabuni. Alitaka kuchonga jeshi la pili alipake masizi. Nyanya akamuuliza:

"Na utacheza na nani?"

"Na weye."

"Miye? Basi watu wangu nitawafanya mwenyewe. Siwezi kupigana na jeshi la mutu mwingine."

Akachimba udongo kijitoni, akawafinyanga, akawachoma pamoja na vyungu vyake, akawafukiza katika pumba za mpunga mpaka wakawa weusi kabisa. Mbuzi wake walikuwa na ndevu. Bibi wake alikuwa na makalio. Kichaa alitoa ulimi, na babu akalalamika kwamba kichaa yule anamcheka katikati ya mchezo.

Sheria ya nyumba iliwekwa na nyanya: aliyeshindwa jana ndiye anayechota maji asubuhi. Babu alikubali upesi. Mwanzoni nyanya alishindwa kila siku, na maji yalichotwa na yule yule ambaye angeyachota hata bila mchezo. Kisha nyanya akaanza kushinda.

Wakati ule, kwetu, mwanamume kubeba mtungi kichwani ilikuwa kama kuvaa kikwembe cha mkewe sokoni. Babu alijaribu kwenda kisimani kabla ya jua. Nyanya alijua, akamchelewesha kwa maneno, mara kuku hajafunguliwa, mara mlango unalia, mpaka jua likatoka na wanawake wote wakawa kisimani, tayari kumtania kama mwanamke mwenzao.

"Jambo, mama Emile! Mutoto anaendelea?"

"Anaendelea. Amenyonya, amelala."

"Na jana nani alikuua?"

"Mbuzi."

"Ile yenye ndevu?"

"Ile ile. Niwekeeni mtungi kichwani, niende."

Walimtwika wakicheka, na yeye alirudi amelowa mabega yote, akijifanya amekasirika. Mimi nilikuwa mtoto wa kuangalia watu sana, ndivyo nilivyo mpaka leo. Niliona kwamba siku alizoshinda alikuwa mkimya zaidi, na jioni hakukawia kuleta kiti.

Mwaka 1951, wakati wa kuvuna pamba, habari ilikuja kwamba dada wa nyanya anaumwa huko Kabambare. Mchezo ulikuwa katikati. Mbuzi wa nyanya alikuwa ameruka akasimama mahali ambapo aliwatazama kwa pamoja mfalme wa babu na bibi wa babu. Babu alishika kidevu.

"Ngoja," akasema. "Nifikiri."

"Fikiri. Nitakwenda Kabambare, nitarudi, utakuwa bado unafikiri."

Akafunika ubao kwa kikapu chake, kitunga. "Kuku asiguse. Mutoto asiguse. Na weye Emile, usiguse."

"Na maji?"

"Maji iko inakungoja. Haina haraka."

Akapanda lori ya pamba. Dada yake alipona. Nyanya ndiye aliyeugua kwa kumuuguza, na ujumbe ukaja na msafiri mmoja kwamba babu aende upesi. Lakini siku zile mtu wa kijiji hakuvuka kutoka wilaya moja, teritware, kwenda nyingine bila karatasi ya ruhusa, na pamba ya babu ilikuwa haijauzwa. Aliambiwa pamba kwanza. Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye baraza ya ofisi, kofia mapajani, na kila jioni alirudi. Karatasi ilipotoka, ujumbe wa pili ulikuwa umeshafika. Nyanya alikuwa amezikwa Kabambare, na babu hakumwona.

Baadaye wakwe zake walikuja kumaliza kilio. Aliyewaongoza alikuwa Bulaimu, kaka mkubwa wa nyanya, Mwislamu, mzee mrefu mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Desturi ilikuwa kwamba vitu vya mke vinarudi kwa ndugu zake: jembe, vyungu, vikwembe, kinu na mchi. Na mume aliyefiwa anakaa mkekani, hafungui kinywa mbele ya wakwe, mpaka wamnyoe na kumwogesha na kumwachilia. Mama yangu, Pascaline, ndiye aliyewaonyesha kila kitu.

Bulaimu akainua kitunga.

"Hawa weusi ni wa nani?"

"Mama aliwafanya," mama akasema.

"Kwa mikono yake?"

"Kwa mikono yake."

"Basi ni wa kwetu."

Haukuwa ubaya. Kwao ilikuwa kama kuchukua vyungu. Waliwaokota mmoja mmoja kwa adabu, wakawafunga katika kikwembe. Niliangalia mikono ya babu. Ilishika ukingo wa mkeka, ikauvuta mpaka ukachanika. Kinywa chake hakikufunguka. Walipomaliza kumwogesha na kumpa ruhusa ya kusema, kitunga kilikuwa kimerudishwa mahali pake, na chini yake jeshi jeupe lilisimama likitazama ubao mtupu.

Kesho yake babu aliokota mbegu za ngazi, tunda la mchikichi, akaziweka mahali pa watu wa nyanya, kila moja mahali pake, kwa kukumbuka. Mbuzi yule alipewa mbegu kubwa kuliko zote. Panya walikuja wakazibeba, babu akaweka nyingine. Hakukubali mtu afagie karibu. Rafiki zake walimwambia: Emile, si uchonge weusi wengine, mti upo, kisu kipo?

"Hao watakuwa wangu," akajibu. "Nitacheza na miye mwenyewe, kama daktari? Nataka watu wake. Nataka kumaliza mchezo ule na watu wake, basi. Kisha nitakufa vizuri."

Mama alisema ni huzuni, itapita. Lakini mimi nilikuwa naosha sahani yake, nikaona wali unaobaki unazidi kila juma. Shati lake likaanza kuonekana kama la mtu mwingine. Hapo ndipo nilipojifunza hofu hii niliyo nayo, ya kutazama sahani za watu.

Kiangazi kilichofuata, pamba ilipokwisha kuuzwa, karatasi ilitolewa na tukaondoka: babu, mama na mimi. Mama alibeba mawese na kikwembe kipya cha kumpa mke wa Bulaimu, mimi nilibeba kuku. Babu alibeba ubao mgongoni na jeshi jeupe ndani ya kopo la maziwa. Lori ilitufikisha Wamaza, kutoka pale tukatembea. Njiani babu alinivuta nyuma kidogo, mama asisikie.

"Bibi yangu mdogo, kule weye ndiye utaniombea."

"Kwa nini usiombe mwenyewe?"

"Mukwe haombi. Mukwe anapewa, ama hapewi. Lakini mjukuu anaomba hata meno ya babu yake."

"Babu Bulaimu hana meno."

"Basi usianze na meno."

Tulipokelewa vizuri sana. Kuku, wali, sombe ya majani ya muhogo yenye karanga. Babu na Bulaimu walikaa wakazungumza habari ya mvua, habari ya pamba, habari ya daraja lililovunjika. Siku ilipita, na nyingine. Kila mara babu alipofungua kinywa nilidhani sasa, na kumbe ni pamba tena. Usiku nilimsikia anatikisa kopo polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Asubuhi nilimfuata Bulaimu nyuma ya nyumba, alikokuwa anasuka mtego wa samaki.

"Babu Bulaimu, nataka kitu."

"Haa! Bibi yangu ameamka na kutaka. Unataka nini? Viatu? Bwana mwingine? Miye sikutoshi?"

"Nataka watu weusi wa nyanya."

"Watu weusi! Tumejaa hapa kijiji kizima, chagua."

"Wale wa udongo. Babu Emile anataka kumaliza mchezo wake na nyanya."

Mikono yake ikasimama juu ya mtego.

"Amekutuma?"

Nikatazama chini.

"Na siku zote hizi ananieleza habari ya daraja."

"Anasema mukwe haombi."

"Ni kweli," Bulaimu akasema. Akauweka mtego chini. "Ni kweli, haombi. Mwite. Wako kwa mwenyewe."

Babu alikuja na kopo na ubao, amevaa koti. Tulidhani mwenyewe ni mtu fulani wa kijiji, labda yule dada aliyepona. Bulaimu alitupitisha nyumba ya mwisho, akatupitisha mihogo, mpaka kwenye makaburi.

Kwa watu wa kule, vitu ambavyo marehemu alivishika kila siku huwekwa juu ya kaburi lake, na vyungu hutobolewa kitako ili mwizi asiwe na faida navyo. Kaburi la nyanya lilikuwa na mitungi yake na mchi wake. Upande wa kichwa, juu ya jiwe bapa, walikuwa watu wake. Bulaimu, ambaye hakuujua mchezo, alikuwa amewapanga mistari kama askari siku ya sikukuu ya bendera. Mvua za masika yote zilikuwa zimewapiga. Udongo ule ulichomwa kwa moto mdogo wa nyuma ya nyumba, haukustahimili. Weusi ulikuwa umetoka. Wapagazi walikuwa vidonge vya udongo tu. Kichaa hakuwa na ulimi. Mbuzi walikuwa bado wanajulikana kwa mgongo, lakini ndevu hazikuwepo.

"Hatukujua wanatumika namna gani," Bulaimu akasema. "Tulisema ni vitu alivyopenda. Na kitu cha hapa hakirudi nyumbani, shemeji. Unajua."

"Ninajua."

"Ungesema neno siku ile."

"Nilikuwa kwenye mkeka."

Bulaimu akavua kofia yake, akaishika, akaivaa tena.

Nilingoja babu afungue kopo. Nilidhani atawapanga watu wake pale, amalize, ndiyo sababu tulitembea njia yote ile. Alichuchumaa mbele ya jiwe akanyoosha kidole kuelekea mbuzi mmoja, hakumgusa. Kisha akasema, lakini si kwetu:

"Léontine. Siku ile ile niliona. Mbuzi wako alikuwa ameninyonga, mfalme wangu hana pa kukimbilia. Hakukuwa na kitu cha kufikiri. Niliogopa kisima tu, wanawake walikuwa wengi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akashusha pumzi. Basi hapakuwa na mchezo wa kumalizwa. Mchezo ulikwisha kabla nyanya hajapanda lori, na babu ndiye peke yake aliyejua, akaliweka neno hilo kinywani mpaka mwenye kuambiwa akaondoka.

Babu akainuka, akarudi kijijini, akamwomba mke wa Bulaimu mtungi. Mama yule alidhani ana kiu, akamletea maji kwenye kikombe.

"Mtungi," babu akasema. "Samahani, mama. Mtungi."

Hapo alikuwa ameomba, mkwe, kwa kinywa chake mwenyewe. Mama yule akampa. Babu akashika njia ya kisimani na jua limesimama katikati. Mzee mwenye koti, ugenini kwa wakwe zake, na mtungi wa mwanamke. Watoto wakamfuata. Wanawake walioanika mpunga wakashika vinywa.

"Mukwe anakwenda wapi na mtungi?"

"Amepata wazimu! Muiteni Bulaimu!"

"Baba, tupe, tutakuchotea sisi! Unatuua kwa haya!"

Hakumpa mtu. Mama yangu alijifunika uso kwa kikwembe, akalia kwanza kwa aibu. Kisha niliona mabega yake yanalia kwa jambo lingine. Babu alijitwika mwenyewe, hakukuwa na wa kumtwika akicheka, na maji yalimwagika yakalowesha koti. Bulaimu akatoka nyumbani kwake. Nilidhani anakuja kumzuia. Akatangulia mbele yake, akiwaondoa watoto njiani kwa mkono, mpaka makaburini.

Babu hakumwaga. Aliushusha mtungi, akauweka kati ya mitungi ya nyanya, ukiwa umejaa kiasi kilichobaki.

"Shemeji," Bulaimu akasema kwa sauti ndogo, "mtungi wa hapa hutobolewa."

"Utoboe kesho. Leo uache mzima."

"Kesho," Bulaimu akasema.

Kesho yake tuliondoka mapema. Sikuona kama ulitobolewa.

Tulipofika Kasongo babu alikusanya mbegu za ngazi akanipa niwatupie kuku. Watu weupe aliwatia ndani ya kopo, ubao akaufanya kifuniko cha pipa la mchele. Hakucheza tena na mtu. Kuna waliokuja, hata mwalimu mmoja aliyeujua mchezo kidogo, na babu aliwapa kiti na maji ya kunywa, akazungumza habari nyingine.

Lakini alichota maji. Kila asubuhi, na jua likiwa limetoka. Mama alimkatalia, akamfichia mtungi, babu akautafuta akaupata. Mwaka wa kwanza nilikwenda naye. Wanawake kisimani walimpisha. "Jambo, babu." "Pita, babu." Walimtwika kwa mikono miwili, kwa heshima. Siku moja alirudi akakaa mlangoni, mtungi bado uko kichwani, akasema:

"Hakuna hata mmoja aliyenicheka."

Nilimsaidia kuushusha. Ningekuwa na akili niliyo nayo sasa, pengine ningemcheka mimi.

Alikufa mwaka 1957, mvua zikiwa kali, kifua kilimbana. Bulaimu alikuwa hawezi kutembea tena, alimtuma mtoto wake na mkeka mpya, usiochanika. Juu ya kaburi la babu tuliweka mtungi ule aliochotea maji, na mama akautoboa kwa jiwe, pigo moja, kisha akabaki ameshika jiwe kama mtu aliyesahau pa kuliweka. Kopo halikuulizwa na mtu yeyote wa ukoo. Likabaki kwangu.

Cécilia hajaacha kuuliza. Naweza kumwonyesha jinsi wanavyosimama: nyumba pembeni, mbuzi karibu ya nyumba, kichaa karibu ya mbuzi, mfalme na bibi yake katikati, wapagazi mbele. Jinsi wanavyokwenda siwezi, sikufundishwa. Waliojua nyumbani kwetu walikuwa wawili, mmoja yuko Kabambare na mmoja yuko hapa, na njia ya katikati imeharibika siku hizi, hata lori haipiti.